Kikapu cha kupikia bila moto: kipi ununue, kipi ushone mwenyewe, kipi ukiache dukani

Kati ya vifaa vinavyouzwa kwa jina la kutunza mazingira, kikapu cha kupikia ni kimojawapo cha vichache ambavyo faida yake huonekana siku ileile ya kwanza. Unachemsha chakula, unakiondoa motoni kikiwa bado kinatokota, unakifukia ndani ya kikapu kilichojazwa kitu kinachozuia joto, kisha unaendelea na shughuli zako. Chakula kinamalizika kuiva kwa joto lake chenyewe. Wazo hili ni la zamani. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 lilioneshwa sanduku la namna hii kutoka Norwe, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia familia za Uingereza zilihimizwa kupikia kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana nishati. Leo vikapu hivi vinauzwa vikiwa vimeshonwa vizuri na kupambwa, na ubora wake unatofautiana mno. Vingine ni kazi nzuri kweli. Vingine ni mto wenye shimo.

Ili ujue unacholipia, anza na sufuria yenyewe. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 100 kunahitaji takriban kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyohiyo yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya kilojuli 2,200. Yaani gharama ya kuchemsha ni ndogo. Hasara iko kwenye kutokotesha muda mrefu, hasa sufuria ikiwa wazi. Tena maji yakishachemka hayapandi joto hata ukiongeza moto maradufu. Yanakauka upesi tu. Chakula chenyewe hakidai moto, kinadai joto la kutosha kwa muda wa kutosha: wanga wa mchele hulainika kwenye nyuzi 70 na ushei, mishipa na ngozi za nyama huanza kuyeyuka polepole hapohapo juu ya 70, na maharage yanataka joto kali zaidi, ikiwezekana 85 kwenda juu. Kikapu kinachoweza kulinda joto la kiwango hicho kwa saa tatu au nne kinakuondolea sehemu kubwa ya muda wa moto kwa kila mlo wa kutokota.

Sokoni kuna aina tatu.

Ya kwanza ni mfuko laini wa kitambaa unaofungwa kwa kamba, wenye mto wa kufunika juu. Wonderbag, ulioanzia Afrika Kusini mwaka 2008 na kujazwa vipande vya sponji iliyotumika, ndio unaojulikana zaidi, na mingi iliyofuata imechukua umbo lake. Sifa yake kubwa ni kwamba unalikumbatia umbo la sufuria: ukikaza kamba, kitambaa kinagusa chuma pande zote na hakuna nafasi ya hewa kuzunguka. Udhaifu wake uko chini. Uzito wa sufuria iliyojaa unakandamiza kijazio, na baada ya miezi kadhaa pale chini hubaki unene wa vidole viwili tu.

Ya pili ni sufuria mbili kwa moja: ya ndani unapikia, ya nje ina kuta mbili zenye ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, katikati kama chupa ya chai. Kwa kutunza joto hakuna inayoishinda, na hainyonyi unyevu wala haishiki harufu. Ila umefungwa kwenye sufuria moja na ujazo mmoja, ni nzito, na ndiyo ya bei ya juu kuliko zote. Ikidondoka ombwe likavuja, hakuna fundi wa mtaani atakayeirudisha. Utalijua tatizo hilo kwa mkono: ukuta wa nje ukiwa wa moto wakati ndani mna chakula, ombwe limekwisha.

Ya tatu ni kikapu au sanduku la kutengeneza nyumbani. Tunaipa nafasi ya kwanza bila kusita, kwa sababu kinachofanya kazi ni unene na ukavu, na vyote viwili unaweza kuvipata kwa mabaki.

Chukua kapu, boksi la mbao au ndoo kubwa ambayo sufuria yako ikikaa katikati inabakiza sentimita 10 kila upande, na sentimita 10 chini. Kijazio kinaweza kuwa vipande vya sponji ya godoro kuukuu, sufu, pamba, nyasi kavu kabisa, au karatasi zilizofikichwa. Matambara yaliyochanwa pia yanafaa, lakini hulala yakashikamana, kwa hiyo yape sentimita 12 hadi 15. Usishindilie. Kinachozuia joto ni hewa iliyonaswa katikati ya nyuzi. Ukikipiga kijazio kwa ngumi hadi kikawa kigumu, umeitoa hewa yenyewe. Chini pekee ndipo panahitaji kitu kigumu: tandika kwanza sentimita 6 au 7 za kijazio, weka kipande cha ubao mwembamba chenye upana kuzidi kitako cha sufuria ili kigawanye uzito, kisha tandika tena kijazio juu yake. Hatua hiyo ya ubao ndiyo inayokosekana kwenye mifuko mingi ya dukani.

Bitana ya ndani iwe ya pamba, inayovuliwa na kufuliwa. Shona mbili, moja ivaliwe nyingine ikiwa kwenye kamba. Mto wa juu uwe mnene kuliko kuta, angalau sentimita 12, na upana wake uzidi mdomo wa kikapu kwa sentimita 5 kila upande ili ujibane vizuri. Wengi huweka jitihada zote kwenye kuta wakasahau mto, ilhali hewa ya moto inapanda, na mwanya mmoja wa kidole pembeni mwa mto unatosha kukitoa joto kikapu kizima.

Kuhusu foili inayong'aa, ambayo wauzaji hupenda kuitaja: foili hurudisha joto la mnururisho, yaani linalosafiri kama miale, pale tu ambapo mbele yake kuna nafasi ya hewa. Ikishonwa katikati ya tabaka mbili zilizogusana, haizuii chochote cha maana. Usilipie zaidi kwa ajili yake.

Kipimo kimoja kinamaliza ubishi wote wa nani kanunua kizuri. Jaza maji robo tatu ya sufuria, funika, yachemshe kwa dakika 5, yaweke kikapuni, funga, usifungue. Baada ya saa 4 fungua na uchovye thermometa ya jikoni. Nyuzi 70 au zaidi: kikapu kizuri, kitapika hata maharage. Kati ya 60 na 70: kinafaa kwa mchele, dengu, viazi na mboga, na ukikiongezea mto wa juu pengine kitapanda daraja. Chini ya 60: hicho ni cha kulinda mkate usipoe, kisipikiwe. Rudia kipimo hiki kila baada ya miezi michache, kwa sababu kijazio hulala taratibu na huwezi kuona kwa macho.

Sasa matumizi, maana kikapu kizuri kikitumiwa vibaya kinalaumiwa bure.

Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Kiasi kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa haraka, kwa kuwa eneo linalopoteza joto ni kubwa kuliko chakula kinacholibeba. Kama unapika kwa watu wawili, tumia sufuria ndogo na ujaze pengo kikapuni kwa mito. Sufuria yenye vishikio vifupi viwili ndiyo inayofaa. Mkono mrefu unachomoza nje na kuacha mlango wa joto kutoroka. Mfuniko uwe mzito na ukae sawasawa. Alumini, chuma cha pua, vyote vinakubali. Chungu cha udongo nacho kinakubali, mradi kipate moto wa kutosha hadi kuta zake ziwe za moto kweli, la sivyo kitalinyonya joto la chakula baada ya kutoka jikoni.

Chemsha mfuniko ukiwa juu. Hesabu dakika tangu chakula kizima kilipoanza kutokota, sio tangu bubujiko la kwanza pembeni. Vipande vikubwa vya nyama na maharage hukaa na baridi katikati wakati maji tayari yanaruka, na vikiingia kikapuni hivyo vitayashusha maji hadi joto lisilopika. Ndiyo maana muda wa motoni hautegemei maji, unategemea unene wa kitu kilichomo.

Mchele: dakika 5 za kutokota, kikapuni saa moja. Punguza maji, kikombe kimoja cha mchele kinatosheka na kikombe kimoja na nusu, kwa sababu karibu hakuna kinachokauka. Viazi vilivyokatwa: dakika 5, kisha saa moja. Dengu: dakika 10, kisha saa moja na nusu. Nyama ya vipande vya kiasi cha sentimita 3: dakika 20 hadi 30, kisha saa 3 au 4, na hapa ndipo kikapu kinapowashangaza watu, kwani nyama ngumu hutoka laini bila kusambaratika. Kwa michuzi, punguza maji kwa robo kuliko ulivyozoea, ukaange kila cha kukaangwa kabla, na unga wa kuzitisha uuweke mwishoni unapoirudisha motoni. Ukiuweka mwanzo, mchuzi mzito hushika chini wakati wa kuchemsha.

Maharage yanahitaji maelezo yake. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, weka mapya. Maharage mekundu yana sumu ya asili iitwayo faitohemaglutinini, ambayo huharibiwa na kuchemka kwenyewe na hubaki hai kwenye joto la chini. Maharage yaliyopashwa kwenye nyuzi 80 tu bila kuchemka yanaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Kwa hiyo dakika 30 za kutokota kweli kweli kabla ya kikapu, bila kufupisha. Baada ya saa 4 onja. Yakiwa bado magumu, yachemshe tena dakika 10 na uyarudishe. Yakigoma kabisa, tafuta sababu katika haya: maharage ni ya zamani sana, maji yako ni magumu yenye chokaa nyingi, au umeweka nyanya au limau mapema. Asidi hukaza maganda na kuyazuia kulainika, basi nyanya iingie baada ya kuiva. Chumvi haina kosa hilo inalosingiziwa. Kuiweka kwenye maji ya kulowekea hata husaidia. Kwa maji magumu, ncha ya kijiko cha magadi soda kwenye lita mbili inatosha. Ukizidisha, maharage yanageuka rojo na kupata ladha ya sabuni.

Anayeishi mwinuko wa juu ajue kwamba maji huchemka kwa joto pungufu kadiri anavyopanda, takriban nyuzi moja kwa kila mita 300. Kwenye mita 2,000 sufuria inaingia kikapuni ikiwa na nyuzi 93 hivi, na maharage yatalalamika. Hapo presha kuka ndiyo mwenza wake: ipikie maharage yaliyolowekwa dakika 10 tangu presha ipande, zima moto, subiri ikome kutoa mlio, kisha ifukie kikapuni bila kufungua. Humo ndani inaendelea kukaa juu ya joto la kuchemka kwa muda.

Kutoka jikoni hadi kikapuni kusiwe na mazungumzo. Kikapu kiwe kimefunguliwa tayari, kando ya jiko, mto wa juu mkononi. Lakini futa kitako cha sufuria kwanza. Masizi yanachafua bitana, na kipande cha kaa la moto kilichonata chini kinaweza kuwasha nyasi au sponji ukiwa umeondoka. Hilo ni jambo la hatari na halisamehewi. Tandika kitambaa kizito kilichokunjwa mara nne chini ya sufuria. Hii ni lazima zaidi kwa mifuko iliyojazwa chembe za stairofomu, plastiki nyeupe nyepesi ya kufungashia, ambazo hulainika kwenye joto linalokaribia nyuzi 100, wakati chuma kilichotoka juu ya moto kinazidi hapo. Ukiukuta mfuko wako una uvimbe mgumu pale chini, chembe zimeyeyuka zikashikana, na eneo hilo halizuii joto tena.

Kisha usifungue. Kila kuchungulia kunatoa mvuke ambao hakuna moto wa kuurudisha. Aliyefungua mara tatu "kuangalia tu" ndiye anayesema baadaye kwamba kikapu hakipiki.

Upande wa usalama hatuna mahali pa kulegeza. Vijidudu vinavyosababisha sumu ya chakula hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na baadhi yao huacha mbegu zinazostahimili kuchemka kisha zikaamka chakula kinapopoa taratibu. Kikapu, kwa kazi yake, hupooza taratibu. Kwa hiyo chakula kitoke kabla hakijashuka chini ya 60, kiliwe, au kichemshwe upya, au kipoozwe haraka kwenye vyombo vipana na kuingia jokofuni. Usikiache humo hadi asubuhi kwa kudhani bado kina moto. Wali ndio wa kuogopwa zaidi, kwa sababu sumu inayoachwa na kijidudu cha Bacillus cereus haiharibiki kwa kupashwa tena; wali uliokaa vuguvugu usiku kucha ni wa kumwagwa. Kuku mzima na pande kubwa la nyama lenye mfupa hatushauri kabisa, hata kwa kikapu bora. Katikati hapafiki joto kwa wakati. Kata vipande.

Na kuna vyakula ambavyo kikapu si mahali pake: vya kukaanga, vya kuoka, vya kubanika, tambi ambazo hugeuka uji, na mboga za majani zinazotaka dakika tatu tu. Hizo zipike kama kawaida, mfuniko ukiwa juu.

Baada ya kila pishi utaikuta bitana na uso wa mto vina unyevu wa mvuke. Usivikunje na kuviweka kabatini. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, kwa hiyo kijazio chenye unyevu hakifanyi kazi, na siku chache baadaye kinaota ukungu. Vua bitana, geuza kikapu mdomo kuelekea jua kwa saa mbili tatu, mto kando yake. Nyasi zikinuka zibadilishe zote, hazioshwi. Sponji hufuliwa, ila ikauke hadi ndani, jambo linaloweza kuchukua siku mbili. Tatizo hili la unyevu ndilo linalotufanya tuchague mfuko unaofunguka kwa zipu chini au pembeni. Mfuko ulioshonwa ukafungwa moja kwa moja hauwezi kukaushwa vizuri wala kuongezewa kijazio kikilala, hata kama umependeza.

Ukiwa dukani, basi, fanya haya kabla ya kutoa pesa. Bonyeza kitako cha mfuko kwa kiganja kwa uzito wako: ukihisi sakafu, uache. Pima mto wa juu. Ukiwa mwembamba kuliko kuta, uache au ujue utashona wa kwako. Uliza kijazio ni nini, na kama muuzaji hajui, fungua zipu uone. Ingiza sufuria unayotumia nyumbani, si ile ya maonyesho. Anayepika kiasi kilekile kila siku na mwenye uwezo achukue ya ombwe, itadumu miaka mingi isipoanguka. Anayebadilisha sufuria achukue mfuko laini wenye zipu, na jioni hiyohiyo auongezee ubao mwembamba na sponji chini. Mwenye godoro kuukuu, sindano na alasiri moja asinunue chochote.